Kimya Mpaka Ziwani

Ukiwauliza wasichana wa shule ya masista habari za dada yangu Hildegardi, watakuambia ni mwalimu mkali mwenye moyo mzuri, anayewaamsha alfajiri kukimbia kwenye baridi na kuwafundisha kumwangusha mwanaume bila kuchana sketi. Ukiuliza kwetu Lipembe, kwenye ukoo, watu watakohoa kwanza. Halafu mmoja atageuza mazungumzo na kuanza habari za mbolea. Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, naitwa Mansuetus, na nimechoshwa na kukohoa huko. Nitasema.

Leo kukitokea msiba kwetu, hakuna anayempelekea habari. Huzisikia kwa watu baki sokoni Mbinga, akafunga kitenge, akabeba unga na kuni zake, akaja. Akifika hukaa upande wa wageni. Hakuna anayemfukuza, na hakuna anayemsogezea mkeka. Miaka imepita na bado ni hivyo hivyo, na mara nyingine nikimwona pale natamani kumpiga mtu ngumi, ila aliyesomea kupiga ngumi ni yeye.

Mama yetu alifariki tungali wadogo. Mimi hata sura yake siikumbuki. Tulilelewa na dada yake, Mama Mkubwa Winifrida, ambaye hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Hildegardi ndiye aliyeanza kubebwa mgongoni kwake, mimi nikafuata. Kwa hiyo machoni pa ukoo Hildegardi ndiye binti yake wa kwanza, na katika ukoo wetu binti wa kwanza ana kazi moja isiyopokewa na mwingine. Mama akifa, yeye ndiye anayemwagia maji ya kwanza ya kumwosha. Wengine huendelea baada yake. Hayo tulikua tunayajua kama tunavyojua njia ya kwenda kisimani.

Hildegardi alikuwa mpima kahawa wa chama cha msingi. Msimu ulipofika yeye ndiye alisimama kwenye mizani, na wazee walimwogopa kwa sababu hakuwa na upendeleo. Ukileta gunia lenye mawe, aliyatoa mawe mbele za watu akakukabidhi mkononi. Kisha likaja soko huria. Redioni lilisifiwa mno. Wanunuzi binafsi walipanda milimani na pikapu zao na mizani zao, wakanunua mlangoni kwa mtu, na haikuchukua muda ghala la chama likawa nyumba ya popo. Mwaka huo huo mumewe akasikia habari za vito vya Tunduru, akaenda kuchimba utajiri, na tangu hapo hatujauona utajiri wala yeye. Dada akabaki mjini Mbinga kwenye chumba cha kupanga, na binti yake Glorious, wakikaanga maandazi.

Mwalimu wa karate aliitwa Baltazar. Ni Mmatengo kama sisi, lakini alikaa sana Dar es Salaam akifanya kazi kiwandani, na huko ndiko alikojifunza karate, mpaka kiwanda kikauzwa na yeye akapunguzwa. Alirudi na begi moja na mkanda mweusi. Wakati huo vijana walikuwa wanajazana kwenye vibanda vya video kutazama Wachina wakiruka juu ya mapaa, kwa hiyo wanafunzi hakuwakosa. Akaomba ghala la chama, akawafukuza popo, akaanza kufundisha mle mle Hildegardi alimopimia kahawa. Nadhani ndiyo sababu dada alikwenda. Alisema anakwenda kutazama tu. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mama wa mtoto, akaanza kurusha mateke, na mji mzima ukamcheka mpaka ukachoka.

Mama Mkubwa hakucheka. Yeye alimtaka arushe pale pale uani, kuku wakikimbia.

"Hebu lile la kuzunguka," alikuwa akimwambia. "Likimpata yule mumeo atarudi na vito vyake vyote."

Ndiye aliyemshonea sare, kwa mkono, kwa kitambaa cha marekani tunachotumia kwa sanda, maana dukani hakukuwa na cheupe kingine. Mguu mmoja wa suruali ulikuwa mfupi kidogo kuliko mwingine. Hildegardi alikataa kuurekebisha.

Sasa sikieni kilichokuwa rehani. Sista Edina, mkuu wa ile shule ya wasichana, alikuwa anatafuta mwanamke wa kufundisha mazoezi ya viungo na kujihami. Alimtaka Hildegardi, lakini aliweka sharti: kabla ya muhula wa Julai aje na mkanda wa kahawia, ambao kwa utaratibu wa Baltazar ndio unaomruhusu mtu kufundisha. Kazi ilikuwa na nyumba ndani ya uzio, na mtoto wa mwalimu alisoma pale bila ada. Glorious alikuwa amemaliza la saba na kufaulu vizuri, ila hakuchaguliwa kwenda popote.

"Mansu," dada aliniambia, "nikiukosa huu mkanda, mtoto wangu atakaanga maandazi mpaka aolewe."

Hakuwa anatia chumvi. Nafasi ilikuwa moja na mtihani ulikuwa mmoja.

Mtihani wenyewe Baltazar aliuweka mwisho wa juma, mwanzoni mwa Juni, masika yameisha na kipupwe kimeanza kuuma. Watoke Mbinga mjini Jumamosi alfajiri, wapite njia za miguu za milimani, walale njiani, wafanye mazoezi asubuhi na jioni, washuke mpaka Mbamba Bay, na Jumapili wamalizie ndani ya maji ya ziwa. Hayo yote si kitu kwa mtu wa kwetu, tumezaliwa kwenye miteremko. Kigumu kilikuwa kimya, na habari zake, kama siku yenyewe ya mtihani, sisi wa Lipembe tulikuja kuzijua baadaye. Tangu wanatoka ghalani mpaka mkanda unafungwa kiunoni, mwanafunzi asitoe neno. Asipunge mkono, asisimame bila amri. Atakayefungua mdomo arudi nyumbani, ajaribu tena mwakani.

Kanuni gani hiyo kwa nchi kama yetu? Kwetu kumpita mtu bila salamu ni kumtukana. Mtoto anafundishwa Shikamoo kabla hajafundishwa kunawa. Baltazar aliyajua hayo, amezaliwa humu humu. Akasema ndiyo hasa maana yake: anayeweza kunyamaza Umatengoni anaweza kunyamaza popote. Maneno mazuri sana. Mtu akikaa mjini muda mrefu hurudi na maneno mazuri.

Wakatoka watano nyuma yake, wamevaa nyeupe tupu, mstari mmoja, kila mtu na mzigo mgongoni. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni. Kahawa zilikuwa zimeanza kuiva, na kwenye mashimo ya ngolo tunayolimia miteremkoni maharage yalikuwa yamekauka majani, yanangoja kung'olewa. Kwa hiyo watu walikuwa mashambani na njiani, na kila aliyekutana nao aliwasalimu. Akina mama walitua vikapu pembeni wakauliza, "Hamjambo wanangu?" na wanangu wakapita wanatazama mbele. Bibi mmoja aliwafuata hatua kadhaa akiwauliza wametumwa na nani. Dada anasema hapo tu alitamani ardhi ipasuke.

Kijana aliyekuwa mbele yake aliitwa Victor. Kwenye kona ya mlima mmoja walikutana na baba mkwe wake Victor, mzee amebeba mkungu wa ndizi begani. Victor hakufikiri hata kidogo. Mdomo ulifunguka wenyewe: "Shikamoo baba." Mzee akaitikia, Marahaba. Baltazar akageuka, akamwonyesha njia ya kurudi Mbinga kwa kidole, basi. Victor alipokea ndizi za mkwewe akarudi nazo. Ni mtu mwenye bahati, siku hizi namwambia hivyo kila tukikutana. Lakini Hildegardi aliyaona hayo kwa macho yake, akaogopa, na tangu hapo akaamua kutazama visigino vya aliye mbele yake na si kitu kingine.

Yeye hakujua yaliyotokea kwetu siku moja kabla. Ijumaa jioni Mama Mkubwa alikuwa kwenye ngolo anang'oa maharage. Akanyooka, akashika mgongo, akasema kuna baridi, akaanguka. Tulipomfikia alikuwa ameshakwenda. Mtu ambaye Jumapili iliyopita tu alitembea mpaka Mbinga kanisani, akampelekea Hildegardi kikapu cha mboga, akarudi kwa miguu akitutania kwa uvivu wetu! Nilikaa pale shambani nikiwa nimeshika mkono wake na maharage yangali ndani ya kiganja chake. Sikulia. Nilikuwa na hasira tu, sijui na nani.

Hapa lazima nieleze jambo moja la uani kwetu. Nyumba ya Mama Mkubwa inatazamana na ya Baba Mdogo Kilian, mdogo wa marehemu mumewe. Uwanja ni mmoja. Na Baba Mdogo Kilian alikuwa mgonjwa wa kifua tangu Mwaka Mpya. Alikuwa amekwisha kupewa mpako wa wagonjwa, na mbao za jeneza lake alizichagua mwenyewe, akazikataa mbili kwa kuwa zina vidonda. Ukoo mzima ulikuwa unamsubiri yeye. Mtu yeyote aliyesikia kuna kilio Lipembe angesema: basi, mzee Kilian ametangulia.

Jumamosi alfajiri tulimtuma binamu yetu Salvatory kwa baiskeli, aende Mbinga kumleta Hildegardi. Alipita barabara kubwa. Hildegardi alikuwa njia ya milimani. Wakapishana.

Jua lilipotoboa ukungu tulikuwa tumekaa uani kwenye magogo, tumewasha moto upande wa mlango wa Kilian kwa sababu ndiko jua linakoanza kufika. Kilian mwenyewe alikuwa ndani amelazwa, baridi ya asubuhi ilimkata pumzi. Wanawake walikuwa ndani kwa marehemu. Maji yalikuwa jikoni yanachemka, na hakuna aliyeyagusa, yalikuwa yanamngoja mwenyewe. Mtu mmoja akasema, "Kuna watu wanashuka." Tukatazama juu mlimani tukawaona, weupe mmoja nyuma ya mwingine, wanafuata njia inayopita mbele ya uwanja wetu.

Restituta, jirani yetu, alikuwa wa kwanza kumtambua. Aliijua ile suruali.

"Ni Hildegardi!" akapaza sauti ndani. "Amefika, na amekuja na wenzake!"

Jamani, mliwahi kuona watu wanafurahi msibani? Tulifurahi. Nilisimama na nikajisikia kama mtu aliyetuliwa gunia. Wanawake wakatoka ndani wote, wakasimama mstari mbele ya mlango kama tunavyompokea mwenye msiba, wakaanzisha kilio kwa sauti ya chini, ili akifika aipokee yeye aipandishe. Hivyo ndivyo tunavyofanya.

Wakafika usawa wa uwanja. Baltazar akanyanyua mkono.

"Poleni wafiwa," akasema. "Tupo mafunzoni."

Akapita. Wa pili akapita. Hildegardi akanyanyua macho. Alitutazama, mimi aliniona kabisa, macho kwa macho. Alitazama moto uliokuwa mbele ya mlango wa Kilian. Akafanya ishara ya msalaba, ndogo, kifuani, akainamisha kichwa akafuata visigino vya mwenzake.

Vilio vya wanawake vilikatika kimoja kimoja. Restituta alibaki amenyoosha mikono.

Amenieleza mara nyingi alichofikiri. Alifikiri ni Kilian. Alifikiri: mzee amepumzika, alikuwa anateseka, hawatamzika kabla wanawe hawajafika kutoka Songea, Jumatatu nitakuwa nimerudi na mkanda wangu, nitapiga magoti, nitaomba radhi, watanielewa. Wanawake walipotoka, alifikiri wanatoka kuwashangaa, kama watu wote walivyowashangaa njia nzima. Na hapa ndipo tunapogombana mpaka leo. Namuuliza: na kama kweli angekuwa Kilian? Mzee aliyekuwa anatuchongea marimba ya mabua, yeye anapitwa kwa msalaba mdogo? Ananijibu kwamba Baba Mdogo angeelewa. Na najua angeelewa. Hilo ndilo linalonichoma.

Mwanzoni hatukuamini. Tulisema wanakwenda kuweka mizigo kwenye shule ya msingi ya pale kijijini, wabadilishe nguo, warudi kwa heshima. Wanawake wakaendelea kusimama. Nilipoona hawarudi nikaenda shuleni mwenyewe. Hapakuwa na mtu, ila nyayo zao zilizoshuka kuelekea bondeni, zimepangana vizuri. Niliporudi nikasema tu, "Wamekwenda."

Hapo ndipo Baba Mdogo Kilian alipotoka ndani amejifunga blanketi, anashika ukuta. Watu wakataka kumrudisha, akawafukuza kwa mkono.

"Tumsubiri," alisema. "Mtoto hawezi kumpita mama yake."

Tulimsubiri. Maji yakapoa yakachemshwa tena, yakapoa. Kila mtu aliyekuja kuhani alisimuliwa upya, na kila aliyesimulia aliongeza kidogo, mpaka mchana dada yangu akawa ametucheka na kupunga mkono. Wazee wa ukoo walijitenga nyuma ya nyumba, wakarudi nyuso zimekauka. Katekista naye alikuwa amekwisha kusema kwamba mwili hauwezi kukaa siku nyingine. Jua likielekea milimani, na kwa kuwa hakuna wa ukoo aliyethubutu kuchukua nafasi ya binti, mkubwa wao akamwambia Restituta, "Mwagia wewe." Restituta alilia, akasema yeye ni mtu baki, atamwagiaje maji ya kwanza mama wa watu? Wakamwambia mwenye mama amekataa. Akamwagia. Nilikuwa nje, nikayasikia yale maji yakianguka kwenye beseni, na tangu siku hiyo sijapenda sauti hiyo.

Tulipomaliza kuzika Salvatory akarudi, amechelewa kwa kumtafuta dada mjini, amembeba Glorious kwenye karia. Mtoto alishuka, akaangalia udongo mbichi, akauliza mama yake yuko wapi. Watu wakakohoa. Ndipo nilipokisikia kikohozi hicho mara ya kwanza.

Baba Mdogo Kilian aliniita kando. Pumzi zilikuwa zinampiga.

"Alidhani ni mimi," aliniambia. "Wameniambia aliangalia moto, mlangoni kwangu. Mfuate, umwambie mimi bado nipo."

Jumapili asubuhi nilidandia lori la maharage linaloteremka ziwani, maana Glorious aliniambia ndiko mtihani unakoishia. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia, na mengi yalikuwa matusi. Nilimtukana na Baltazar pia, na yule Sista na sharti lake, na pikapu za wanunuzi. Hewa ilianza kuwa ya moto, mikorosho ikaonekana, kisha ziwa. Upepo wa mwera ulikuwa unavuma kwa nguvu, maji yote yamechafuka, hata wavuvi walikuwa wamevuta mitumbwi yao juu mchangani.

Niliwakuta ufukweni. Walikuwa wamesimama mstari, wanne, nyuso zimetazama maji, wanangoja amri ya kuingia kwa zoezi la mwisho. Baltazar alikuwa mbele yao amebeba mikanda begani. Nilikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya dada yangu. Macho yake yalicheka kuniona. Halafu yaliona uso wangu.

"Ndugu, tafadhali," Baltazar alisema, "usiwavuruge wanafunzi. Wamebakiza kidogo."

Matusi yote niliyopanga yalinipotea. "Dada," nilisema, "Baba Mdogo mzima. Yeye ndiye amenituma. Aliyefariki ni Mama Mkubwa. Tumemzika jana. Tulikuona, tukajua umekuja kwake. Tulikungoja mpaka jioni. Restituta ndiye aliyemwosha."

Nilisubiri. Nilikuwa nasubiri aanguke, apige yowe, anikamate shati, aseme kitu chochote. Machozi yalimshuka mashavuni mpaka shingoni. Nikaona meno yake yanauma mdomo wa chini, damu ikachungulia. Hakusema neno.

"Hildegardi!" nikamshika mkono. "Nimesema mama amekufa!"

Nadhani hata Baltazar alishtuka. Angeweza kusema, mwanamke, lia, nakusamehe kanuni. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyeweza kusema hivyo, na alikuwa amesimama pale. Alitazama ziwa, akatazama wanafunzi wengine. Kisha akatoa amri ya kuingia majini.

Dada alichomoa mkono wake mkononi mwangu, taratibu, akaingia.

Nilimchukia. Nalisema wazi kwa sababu ndivyo nilivyohisi. Nilisimama mchangani namtazama akipigwa na mawimbi mpaka kifuani, anaanguka, anainuka, anarusha ngumi kwenye maji, ngumi nyingi kuliko wenzake, nikasema moyoni kwamba sina dada. Baadaye sana alinieleza. Alisema mama alikuwa ameshazikwa. Neno moja lisingemfukua, lingemzika na Glorious pia. Alisema alihesabu hivyo pale pale, mbele ya uso wangu, na alijua mimi nitamwona mnyama. Glorious leo ni nesi.

Walitoka majini. Baltazar akawafunga mikanda mmoja mmoja. Alipofika kwa Hildegardi mikono yake ilikosea fundo, akalifungua, akalifunga upya. Kisha akasema, "Sasa semeni."

Wenzake wakapiga kelele za furaha, wakakumbatiana, wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Hildegardi alitembea hatua chache, akapiga magoti mchangani, akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kilio cha kwetu cha msibani, kile cha kupandisha, ambacho wanawake walimwanzishia jana yake na hakikupata wa kukipokea. Alikipandisha peke yake. Mmoja wa wale vijana akasogea nyuma.

Wakati huo Waanglikana walikuwa wanatoka kanisani, akina mama wa Kinyasa wamevaa vizuri, wanapita njia ya ufukweni kwenda majumbani kupika. Hawakumjua. Hawakujua hata lugha aliyokuwa analia kwayo. Lakini waliposikia walisimama, wote, bila mtu kumwambia mwenzake. Wakavua viatu, wakaja mchangani, wakaketi kumzunguka na nguo zao za kanisani. Mmoja akafungua khanga yake ya juu akamfunika nayo mgongo uliolowa. Mwingine akaanza wimbo kwa sauti ya chini, wengine wakamfuata.

Bibi mmoja, kitabu chake cha nyimbo amekifunga kwenye leso, aliniuliza, "Mwanangu, mmefiwa na nani?"

"Mama yetu, bibi."

"Poleni. Mmeshazika?"

"Jana."

"Na huyu hakuwepo?"

Nilimtazama dada yangu. Hasira bado ilikuwa imenijaa, na bibi alikuwa ananitazama kwa huruma, anangoja.

"Alikuwa safarini," nilisema. "Habari hazikumkuta."

Bibi alitikisa kichwa kwa masikitiko. Akamsogelea Hildegardi, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakilaza magotini pake.

"Basi usijilaumu, mwanangu," alimwambia. "Ungejua, ungesimama."

Dada alisikia. Kilio kilimkatika. Alijitoa kwenye magoti ya yule bibi, akageukia mchanga akaulalia kifudifudi, na wale akina mama wakadhani ni uchungu wa kumkosa mama, wakazidi kumwimbia.